Helios 44-2 na Super-Takumar ya Milimita 50 kwenye Kamera ya Kidijitali: Tathmini

Lenzi za mkono ni zile ambazo mpigapicha huzungusha mwenyewe pete ya fokasi, inayochagua umbali utakaoonekana mkali, na kufungua au kufunga tundu la mwanga kwa vidole vyake, kwa kuwa ndani yake hamna mota wala waya wa umeme. Zile za zamani zilibuniwa kwa ajili ya kamera za filamu, na sifa ambazo watu wanazirudia hadi leo, njema na mbaya, zilitokana na picha za filamu. Tathmini hii inahusu mbili kati ya lenzi hizo, Helios 44-2 ya milimita 58 yenye tundu la f/2 na Super-Takumar ya milimita 50 yenye tundu la f/1.4, zikiwa zimefungwa kwenye kamera ya kidijitali isiyo na kioo cha kuakisi, yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24 na pikseli milioni 24. Milimita za lenzi ni urefu wake wa fokasi, unaoamua upana wa picha; f/ ni ukubwa wa tundu, na namba yake ikiwa ndogo tundu huwa kubwa. Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji aipime mwenyewe: kamera ya sasa imezifanya lenzi hizi zitoe picha ambazo wenyewe wa zamani hawakuweza kuzipata kwa urahisi, lakini faida hiyo imo katika aina chache tu za kazi, na kwa kiasi kikubwa inategemea kipande cha chuma ambacho wanunuzi wengi hawakichunguzi, yaani adapta inayoiunganisha lenzi na kamera.

Helios 44-2 ni lenzi ya Kisovieti iliyotengenezwa na kiwanda cha KMZ cha Krasnogorsk, karibu na Moscow, na pia na viwanda vya Valdai na Minsk. Vioo vyake sita vimepangwa katika makundi manne kwa kufuata mpangilio wa Biotar ya Carl Zeiss Jena, lenzi ya Kijerumani iliyokuwapo kabla ya Vita Kuu ya Pili. Iliuzwa pamoja na kamera ya Zenit-E, ambayo kiwandani KMZ ilitengenezwa tangu mwaka 1965 hadi 1982 kwa idadi inayozidi milioni 3, na ndiyo maana lenzi hii haijawahi kuwa adimu, hata kama baadhi ya wauzaji huinadi kama kito. Super-Takumar ilitoka katika kampuni ya Asahi Optical ya Japani, waliotengeneza kamera za Pentax. Toleo la kwanza la mwaka 1964 lilikuwa na vioo vinane. Matoleo yaliyofuata yana vioo saba, na niliyoitumia ni ya vioo saba. Zote mbili hufungwa kwa skrubu ya M42, yaani skrubu yenye kipenyo cha milimita 42 na nafasi ya milimita 1 kati ya uzi na uzi, ambayo ilionekana kwenye kamera ya Contax S mwaka 1949 na ikaenea kwa watengenezaji wengi wa Ulaya na Asia.

Sababu ya lenzi hizi kukubali kamera za sasa ni umbali. Kila mfumo wa kamera una umbali wake maalumu kati ya uso ambao lenzi inakalia na uso wa filamu au kihisi, na kwa M42 umbali huo ni milimita 45.46, kwa kuwa ilikuwa lazima kioo cha kuakisi kipate nafasi ya kupanda na kushuka. Kamera zisizo na kioo hicho zimefupisha umbali huo sana: Sony E ina milimita 18, Nikon Z ina 16, Canon RF ina 20 na Fujifilm X ina 17.7. Pengo linalobaki hujazwa na adapta, ambayo kwa Sony E ni bomba tupu la chuma lenye urefu wa milimita 27.46, lisilo na kioo chochote ndani, hivyo halina sababu ya kuiharibu picha likiwa limetengenezwa vizuri. Mwenye kamera ya kidijitali yenye kioo cha kuakisi yuko katika hali tofauti. Canon EF ina milimita 44, kwa hiyo inabaki nafasi ya adapta nyembamba, ingawa katika kamera zenye kihisi kikubwa kioo huweza kugonga kitako cha baadhi ya lenzi pete inapozungushwa hadi mbali kabisa. Nikon F ina milimita 46.5, zaidi ya zile za M42 zenyewe, na hapo lenzi haiwezi kufikia fokasi ya vitu vya mbali isipokuwa kwa adapta yenye kioo cha kurekebisha, ambacho mara nyingi hushusha ubora. Sioni sababu ya kumshauri mtu apite njia hiyo.

Adapta ndiyo sehemu ambayo ningependa msomaji aipe muda kuliko lenzi yenyewe. Watengenezaji wengi huifanya iwe fupi kidogo kuliko inavyotakiwa, kwa makusudi, ili mnunuzi asije akalalamika kwamba hawezi kupata fokasi ya milima na mawingu. Upungufu huo unaonekana mdogo, lakini hesabu yake inashangaza: adapta iliyopungua milimita 0.1 huifanya Helios ifikie fokasi ya mbali kabisa wakati pete ingali kwenye umbali wa takriban mita 34, na ikipungua milimita 0.3 jambo hilo hutokea kwenye takriban mita 11. Maana yake ni kwamba namba za umbali zilizochongwa kwenye pete hazisemi kweli tena, na yule aliyezoea kupanga fokasi kwa kuzisoma namba hizo bila kutazama, kama wafanyavyo wapigapicha wa mitaani, ataona kila kitu kimeteleza nyuma au mbele. Kwa anayetazama skrini ya kamera kabla ya kila picha, kasoro hiyo haina madhara makubwa.

Kasoro ya pili ni mbaya zaidi. Ukishika lenzi iliyokwisha kufungwa na kuitikisa taratibu kushoto na kulia, adapta dhaifu hucheza, na mchezo huo wa chini ya unene wa kucha unatosha kuifanya pete ya fokasi ianze kwa kusogeza lenzi nzima kabla ya kusogeza vioo. Mbaya kupita hiyo ni adapta ambayo nyuso zake mbili hazikulingana, kwa sababu hapo upande mmoja wa picha huwa mkali na mwingine hafifu, na mtu huishia kuilaumu lenzi. Kipimo chake ni rahisi: piga picha ya ukuta wa matofali ukiwa umesimama wima mbele yake, tundu likiwa wazi kabisa, kisha linganisha pembe zote nne. Pembe zote zikiwa hafifu kwa kiwango kimoja, hiyo ni tabia ya lenzi. Pembe za upande mmoja pekee zikiwa hafifu, shuku adapta kwanza, na kabla hujaituhumu lenzi ijaribu kwa adapta nyingine.

Jambo la tatu ni rangi ya ndani. Adapta nyingi zimepakwa rangi nyeusi inayong'aa, na mwanga unaopita pembeni mwa fremu hugonga ukuta huo wa bomba na kurudi kwenye kihisi kama utando mweupe juu ya picha yote. Kwenye kamera za filamu nafasi hiyo ilikuwa chumba kipana chenye kuta zisizong'aa. Sasa ni bomba jembamba. Nilibandika kitambaa cheusi chenye manyoya mafupi ndani ya adapta, na tofauti ilionekana mara moja katika picha zilizopigwa kuelekea dirishani, ambamo nywele nyeusi zilirudi kuwa nyeusi badala ya kijivu. Nashuku kwamba nusu ya lawama ambazo Helios hutupiwa kuhusu picha zake kupauka zingepaswa kuelekezwa huko. Adapta bora pia huwa na skrubu ndogo za pembeni zinazoruhusu kuuzungusha mdomo wake kidogo, ili alama nyekundu ya lenzi ikae juu badala ya kuishia ubavuni, na huwa na ukingo wa ndani unaobonyeza kipini cha lenzi za kiotomatiki, yaani zile ambazo tundu lake hujifunga lenyewe picha inapopigwa. Helios 44-2 haina kipini hicho. Super-Takumar inacho, pamoja na swichi ya kuchagua kati ya kiotomatiki na mkono. Swichi ikiachwa kwenye kiotomatiki na adapta ikawa haina ukingo huo, tundu hubaki wazi hata pete izungushwe vipi.

Upande wa kamera, mipangilio ni michache. Lazima iruhusiwe katika menyu kupiga picha bila lenzi, kwa sababu kamera haioni mawasiliano yoyote ya umeme na hudhani kwamba hakuna kitu kilichofungwa. Mwanga hupimwa kama kawaida kwa hali ya kamera kuchagua yenyewe kasi ya shata (pazia linalopitisha mwanga kwa muda mfupi), kwa kuwa kihisi hupokea mwanga uleule ambao lenzi imeuruhusu. Kama kamera ina kituliza mtikisiko ndani ya mwili wake, ni lazima iambiwe urefu wa fokasi, 58 au 50, na iambiwe tena kila lenzi inapobadilishwa; ukihama kwenda lenzi ya milimita 135 huku kamera ikiamini bado ni 50, kituliza hakitasahihisha mtikisiko kwa kiasi kinachotakiwa. Taarifa zinazohifadhiwa pamoja na picha hazitaonyesha tundu lililotumika, na mwenye kupenda kumbukumbu itabidi aziandike mwenyewe.

Hapa ndipo inapofaa kueleza kwa nini nasema kamera ya sasa imezinufaisha lenzi hizi. Zenit-E ilikuwa na shata isiyopita 1/500 ya sekunde. Juani kabisa, kwa filamu ya ISO 100 (namba inayoonyesha wepesi wake wa kupokea mwanga), tundu la f/16 linahitaji takriban 1/100 ya sekunde, na kutoka f/16 hadi f/2 kuna hatua sita za mwanga, kila moja ikiuongeza maradufu, ambazo zinaidai shata iende karibu 1/6400. Mwenye Zenit hakuwa na kasi hiyo, kwa hiyo mchana wa jua alilazimika kulifunga tundu hadi f/8 au zaidi, na lenzi yake ikawa lenzi ya kawaida tu. Hata Pentax Spotmatic, kamera iliyokuwa nyumbani kwa Super-Takumar, ilikomea 1/1000. Kamera ninayotumia inafika 1/8000 kwa shata ya chuma, na zaidi ya hapo kwa shata ya kielektroniki. Ile sura ya Helios ikiwa wazi kabisa katika jua la alasiri, ambayo leo ndiyo sababu ya watu kuitafuta, haikuwa sura ya kila siku kwa walioinunua ikiwa mpya.

Kitazamio nacho kimebadilisha mambo. Zenit-E ilionyesha milimita 20 kwa 28 tu za fremu ya 24 kwa 36, tena, katika nyingi kati ya kamera hizo, kupitia kioo cha ukungu kisicho na alama yoyote ya kusaidia fokasi. Sasa ninabonyeza kitufe kimoja, sehemu ya picha inakuzwa ndani ya kitazamio, na ninaziona kope za anayepigwa picha zikiingia na kutoka kwenye fokasi kadiri pete inavyozunguka. Kwa Helios kwenye f/2 na umbali wa mita 1, eneo linaloonekana kali lina kina cha takriban sentimita 3.5, yaani jicho la mbele linaweza kuwa kali na sikio likawa limeshayeyuka. Kwa kina cha namna hiyo, kuona kwa ukaribu ni hitaji la kazi yenyewe. Kuna pia msaada mwingine ambao kamera huutoa, wa kupaka rangi kwenye kingo za vitu vilivyo katika fokasi, na huo nauamini kwa kiasi. Kamera hupaka rangi popote inapoona tofauti kali ya mwanga na giza, na kwenye matundu makubwa hupaka kipande kipana kuliko kile kilicho kikali kweli, hivyo unaweza kuona jicho limejaa rangi nyekundu kisha picha ikatoka na ukali kwenye nyusi. Ninautumia kuukaribia umbali, halafu ninamalizia kwa kukuza.

Kuna jambo dogo ambalo maelezo mengi hulisahau. Lenzi za enzi hizo hubadilisha kidogo mahali pa fokasi tundu linapofungwa, kwa sababu ya kasoro ya mviringo wa vioo. Kwenye kamera ya zamani mpigapicha aliweka fokasi tundu likiwa wazi, kisha lilifungwa wakati wa kupiga. Kwenye kitazamio cha kielektroniki unaweza kuweka fokasi kwenye tundu lilelile utakalopigia, kwani kamera huongeza mwangaza wa kitazamio yenyewe, na kosa hilo linakufa.

Sasa picha zenyewe, nikianza na Helios. Ikiwa wazi kwenye f/2, katikati ya fremu kuna ukali wa kutosha kwa sura ya mtu, lakini tofauti ya weusi na weupe ni ndogo na pembe ni hafifu sana. Mzunguko wa mandharinyuma, yaani sehemu ya nyuma ya picha kuonekana kama inazunguka, ambao ndio umeipa lenzi hii umaarufu, hutokea kwa masharti maalumu, na atakayeyakosa atadhani ameuziwa lenzi bandia. Mwili wa lenzi hukata sehemu ya mwanga unaoingia kwa upande, kwa hiyo vidoa vya mwanga vilivyo katikati huwa duara na vile vya pembeni huwa na umbo la jicho la paka, vyote vikiwa vimelala kwa kuuzunguka mhimili wa picha. Kasoro ya vioo katika pembe huongezea hisia hiyo. Inahitajika mandharinyuma yenye vipande vingi vidogo vya mwanga, kama majani yanayopitisha jua, yawe mita kadhaa nyuma ya mtu aliyesimama kati ya mita 1 na 2 kutoka kwenye lenzi. Ukuta mtupu hauzunguki. Kamera yenye kihisi cha APS-C, kidogo kuliko cha kamera yangu, hukata pembe ambazo ndizo zenye mzunguko, na kuifanya lenzi iwe na upana wa picha unaolingana na milimita 87, kwa hiyo mwenye kamera ya aina hiyo atapata lenzi nzuri ya sura za watu lakini mzunguko utakuwa wa kubahatisha.

Mimi sivutiwi sana na mzunguko huo. Baada ya picha chache huanza kujitangaza wenyewe na kumfunika mtu aliyepigwa. Ninachokithamini katika Helios ni namna inavyoshughulikia umbali wa kati, kwenye f/2.8 na f/4, ambapo mtu hubaki mkali bila ngozi yake kuonekana kama imekwaruzwa, na nyuma yake bado kunatambulika ni mahali gani. Kwenye f/8 ni kali karibu fremu yote, na hapo hakuna atakayeitofautisha na lenzi nyingine yoyote. Mwanga wa jua ukiingia moja kwa moja ndani ya fremu, picha hupauka na miduara ya rangi hutokea, kwani tabaka la kuzuia mng'ao kwenye vioo vyake ni hafifu kwa viwango vya leo. Kivuli cha lenzi kinachofungwa kwenye uzi wake wa milimita 49 husaidia kuliko marekebisho yoyote ya baadaye kwenye kompyuta. Kwenye kingo za matawi yaliyo mbele ya anga jeupe, rangi ya zambarau huonekana, nayo programu ya kuhariri huiondoa bila shida.

Tundu lake linahitaji mazoea. Kuna pete mbili: ya kwanza hubonyea kwa vituo na kuweka kikomo, ya pili huteleza bila vituo kati ya wazi kabisa na kikomo hicho. Kwenye Zenit ilikusudiwa kwamba uweke fokasi tundu likiwa wazi, kisha uzungushe pete ya pili hadi igote bila kuondoa jicho kwenye kitazamio. Mabapa manane ya chuma hulifanya tundu libaki karibu na duara hata likifungwa, na kwa video pete hiyo isiyo na vituo ni neema, kwa maana mwanga hupunguzwa taratibu bila mruko wala mlio.

Super-Takumar ni lenzi ya tabia nyingine. Ukiishika kwa mara ya kwanza baada ya kuzoea lenzi za plastiki, pete yake ya fokasi hukushawishi kabla hujapiga hata picha moja, kwa kuwa inazunguka kwa uzito uleule kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kukwama na bila kulegea. Kwenye f/1.4 kuna mng'ao laini juu ya kila kitu chenye mwanga mwingi, ila ukikuza picha unakuta chini ya mng'ao huo kuna nyuzi za kitambaa na vinyweleo vilivyochorwa kwa ukali. Kwenye f/2 mng'ao unaondoka kwa sehemu kubwa. Kuanzia f/2.8 lenzi hii inasimama bega kwa bega na lenzi za kisasa za milimita 50 katikati ya fremu, na kwenye f/5.6 hata pembe zinaridhisha pikseli milioni 24. Kama ningeambiwa nibaki na moja kati ya hizi mbili, ningebaki nayo bila kusitasita, kwa sababu inaweza kufanya karibu yote ambayo Helios hufanya isipokuwa ule mzunguko, na mengine mengi ambayo Helios haiwezi.

Ina jambo lake linalozua hofu. Matoleo ya vioo saba yana kioo kilichochanganywa na toriamu, madini yenye mnururisho, ambayo yaliwawezesha watengenezaji kupata kioo kinachopinda mwanga kwa nguvu bila kutawanya rangi zake. Kadiri miaka inavyopita mnururisho huo hukipa kioo rangi ya manjano inayokaribia ya chai. Kwa filamu ya rangi hilo lilikuwa tatizo. Kwa kamera ya kidijitali, mizani ya weupe hurekebisha sehemu kubwa, ingawa kioo kilichokolea hula mwanga wa buluu na kuongeza chembechembe katika vivuli. Manjano hayo hupungua lenzi ikiwekwa chini ya mwanga wa urujuanimno kwa siku au wiki kadhaa. Taa ndogo ya mwanga huo ni salama kuliko kuianika juani, kwani lenzi iliyo wazi juani hukusanya miale na inaweza kuunguza kitu kilicho nyuma yake. Mnururisho wenyewe ni mdogo kwa mtumiaji wa kawaida anayeibeba kwenye kamera. Kinachopaswa kuepukwa ni kusaga au kuvunja kioo hicho, na kukitumia kama kioo cha kukuzia kwa kukiweka jichoni.

Anayenunua lenzi kama hizi ananunua pia historia ya mahali zilipohifadhiwa. Tochi ni chombo cha lazima. Elekeza mwanga kutoka nyuma ya lenzi, tundu likiwa wazi, na utazame kwa pembe: kuvu huonekana kama nyuzi za buibui zinazotambaa kutoka ukingoni mwa kioo, na ukungu huonekana kama pumzi iliyogoma kukauka. Vumbi kiasi halina athari. Mikwaruzo midogo ya kioo cha mbele ina athari kidogo mno, lakini mikwaruzo ya kioo cha nyuma huonekana kwenye picha mapema zaidi. Mafuta kwenye mabapa ya tundu yanahitaji kuamuliwa kwa aina ya lenzi: katika Helios 44-2 mabapa husukumwa kwa mkono, hivyo mafuta kidogo hayaizuii kufanya kazi, lakini katika Super-Takumar mabapa huvutwa na springi, na mafuta huyafanya yachelewe au yagande kabisa. Ipime kwa kukibonyeza kile kipini cha nyuma na kukiachia mara kadhaa, ukitazama kama mabapa yanarudi upesi. Grisi iliyokauka huifanya pete ya fokasi iwe nzito. Fundi anaweza kuibadilisha, lakini lenzi ya bei ndogo haistahili gharama hiyo mara zote.

Kuhusu mipaka yake sina haja ya maneno mengi. Mtoto anayekimbia, mchezaji anayeelekea golini, ndege anayeruka: hayo ni ya lenzi zenye fokasi ya kiotomatiki, na anayesema kwamba mazoezi yatatosha ama ana subira isiyo ya kawaida ama hahesabu picha alizokosa. Katika sherehe zinazolipiwa, ambapo tukio haliwezi kurudiwa, Super-Takumar hukaa kwenye begi hadi wakati wa picha za kupanga. Lenzi za zamani zenye upana mkubwa, za milimita 28 kurudi chini, nazo siziungi mkono kwa kazi ya mandhari, kwa sababu hapo lenzi ya kisasa huzishinda waziwazi kwenye pembe, na zile ndogo zilizobuniwa kwa kamera zisizo na kioo cha kuakisi za enzi ya filamu hukaribia kihisi kiasi kwamba miale inayoingia kwa mshazari hupita kwenye kioo kinene kilicho mbele ya kihisi na kuacha pembe zilizochafuka, pengine na rangi ngeni.

Kwa atakayekuwa ameshapata adapta nzuri ya M42, adapta hiyohiyo hufungua mlango kwa lenzi nyingine ambazo hazina sifa kubwa kama Helios lakini zina kazi zaidi. Pentacon ya milimita 135 yenye tundu la f/2.8, toleo lake la mabapa 15, hutoa vidoa vya mwanga vilivyo karibu na duara kamili hata tundu likifungwa, na urefu wake wa fokasi humpa anayejifunza fokasi ya mkono eneo kali jembamba la kuzoezea macho. Flektogon ya Carl Zeiss Jena ya milimita 35 yenye f/2.4 hukaribia kitu hadi takriban sentimita 20, jambo linaloifanya ifae kwa vitu vidogo vya mezani. Jupiter-9 ya milimita 85 yenye f/2, nayo ya mabapa 15, ni laini mno ikiwa wazi na haivumilii jua la mbele hata kidogo, ila kwenye f/4, ikiwa na kivuli cha lenzi na adapta iliyofunikwa kitambaa ndani, hutoa sura za watu ambazo sijaona haja ya kuzigusa kwenye kompyuta.